Mkono wa Kuume wa Yaya Edith

Jamaa, majirani, nanyi watoto mliokuja na vitabu vyake mikononi, mimi ni Sylvain, mdogo wake, niliyemwita Yaya, yaani dada mkubwa, jamaa imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake.

Edith Chishimba alizaliwa tarehe 9 Desemba 1961 hapa Kamalondo, chini ya kitanda, kwa sababu ilikuwa vita na risasi zilikuwa zinatoboa ukuta, na jirani aliyemzalisha mama yetu alipigwa risasi begani alipotoka kutafuta maji.

Alianza shule ya msingi Septemba 1967, shule ambayo ilikataza Kiswahili, aliyekisema alivishwa shingoni kipande cha mbao kilichoitwa simboli, akakaa nacho mpaka amnase mwenzake akikisema, na aliyebaki nacho kengele ya mwisho ikilia alichapwa. Tarehe 16 Februari 1972 nilikuwa nacho mimi, nikiwa na miaka minane, Yaya akaniita wakati wa mapumziko, "Sylvain, kuya nikupe muhogo," nami nikamvisha. Nafasi ya kumnasa mwingine ilikuwepo, hakutaka. Mwalimu alimlaza juu ya meza, akaniamuru nimshike mkono wa kuume, nikaushika, akampiga vidole kwa rula ya chuma mpaka viwili vikavunjika, nilisikia mifupa, damu ikanirukia shati, naye hakunitazama wala hakunitaja. Nyumbani alisema alibanwa na mlango.

Alijifunza upya kuandika, kwa mkono wa kushoto, akapata diploma ya ualimu Julai 1980, akafundisha shuleni Hewa Bora miaka thelathini na mmoja bila kushika fimbo, na tangu 1994 aliandika vitabu kumi na vinne vya watoto, vyote kwa Kiswahili chetu hiki hiki. Tarehe 23 Agosti 1986 aliolewa na Léonard Bwalya, fundi wa reli, wakapata Bénie na Ephraïm.

Figo zilianza kumsumbua Machi 2024, akafariki Jumanne, tarehe 7 Oktoba 2025, saa tisa mchana.

Katika kitabu chake cha mwisho, cha kumbukumbu za utoto na shule, ameandika tena habari ya mlango. Hakukuwa na mlango. Bénie, Ephraïm, vidole vile vya mama yenu mlivyoviona vimepinda, mkono ule niliushika mimi, na miaka hamsini na mitatu nimenyamaza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta unga na makaa, na walimu wenzake waliolala hapa matangani.

Yaya, niliogopaka kuchapwa, ni ile tu. Sasa pumuzika na amani.