Kobe wa Mama Mkwe

Benchi letu liko nje ya kibanda cha Kinyozi, nami ndiye muuza kahawa wake. Asubuhi hiyo hata mpira hatukuuzungumzia. Katikati ya miguu yetu alikuwepo kobe wa mama mkwe wa Kinyozi, kajifungia ndani ya gamba. Mama alilazwa hospitali wiki mbili, akamwachia Kinyozi amtunze; kobe ndiye aliyebaki naye nyumbani tangu mumewe afariki. Siku hiyo mama alikuwa anaruhusiwa kutoka hospitali.

— Jana nilimgongagonga gambani aje ale mchicha, — Kinyozi alisema, jasho likimtoka. — Hajatoa kichwa mpaka sasa. Nitamwambia nini mama?

Soli, fundi viatu, akapuliza kahawa yake.

— Gamba halihisi kitu, ndugu yangu. Ni kama soli. Nikipiga misumari kiatu chako, umewahi kulia?

— Unakipiga nimekivua! Kobe anavua lini?

— Anahisi sana, — akadakia Redio, mzee ambaye hakosi habari. — Lile gamba ni mfupa, limeungana na mgongo. Ukigonga, kwake ni radi. Yuko ndani anangoja mvua ipite.

— Mvua ya tangu jana?

— Ana haraka gani? Tena anahesabu. Mgonge mara tatu, anakununia siku tatu.

— Anaandika wapi?

— Humo ndani! Unadhani kuna nini? Kuna nafasi ya meza na kiti!

Nilicheka nikamwaga kahawa. Kinyozi hakucheka. Aliingia ndani, akarudi na brashi ya kupangusia nywele shingoni.

— Angalau mama amkute msafi.

Akaanza kupangusa gamba, taratibu, kutoka nyuma. Mguu mmoja ukachungulia. Kisha wa pili. Mara kobe huyo kasimama juu ya miguu yote minne, shingo nje, anatikisa kiuno kushoto, kulia!

— Kumbe anatekenyeka! — Soli aliruka, akaanza kucheza naye.

Teksi ikasimama. Mama mkwe akashuka, kashikwa mkono na bintiye, macho kwa kobe anayecheza.

— Shikamoo, mama! — tulisema sote, Soli bado kiuno upande.

— Marahaba, wanangu.

Akainama polepole, akaweka kiganja juu ya gamba. Kobe hakurudi ndani. Alirefusha shingo hadi kwenye kidole chake, na mama akacheka huku akifuta machozi.

— Miaka yote hii nampangusa kwa kitambaa, hajawahi kunichezea hivi. Baba, umemfanya nini?

— Nimemhudumia tu, mama.

Kinyozi alipoiweka brashi chini, kobe alimfuata, akamsukuma mguu kwa gamba. Akapanguswa, akacheza. Ikawekwa chini, akasukuma tena. Soli naye akainamisha shingo apanguswe. Redio akavua kofia.

Hapo akatokea mteja mgeni, kidevu kimejaa ndevu.

— Habari za asubuhi. Jamani, nani anafuata?

Tukatazamana. Kobe akasogea mbele hatua moja.