Tundu la Phelister

Mbele yangu kwenye basi, mchoraji mmoja alikuwa amepakata picha ya nyumba ya mabati, akiipeleka kwenye maonyesho mjini. Mama aliyeketi kando yake aliikodolea macho kutoka Mathare hadi Eastleigh, kisha akasema, “Ndugu yangu, hiyo ni nyumba yangu. Niliijenga mwenyewe. Lakini hilo tundu kwenye paa umelitoa wapi? Nililiziba tangu Pasaka.”

“Mama, tundu ndilo linaloonyesha maisha ya watu waliotoka mashambani,” mchoraji alieleza, kwa upole wa mtu ambaye kwake hakuvuji.

“Dada yangu ndiye anayepiga deki hapo kwenye maonyesho. Akiliona, ataandika barua nyumbani Siaya kwamba Phelister ananyeshewa. Lizibe!”

“Nikiliziba, itabaki nyumba tu.”

“Kwani mimi nilijenga nini?”

Hapo hata mimi nilitaka jibu. Lakini basi lilisimama mjini, na mchoraji akainuka haraka na picha yake. Phelister akatoa mdomoni bazoka aliyokuwa akiitafuna, akaibandika juu ya tundu, akaigandamiza kwa kidole gumba kama fundi.

“Sasa peleka,” akasema. “Hata lile lenyewe nililiziba hivyo hivyo.”