Fikirini Mwinjuma, Aliyeitwa Mchawi kwa Sababu ya Kinanda

Tumetoka kwa Mola na kwake tunarudi, hilo halina ubishi. Mimi ni Mshamu, mdogo wa marehemu. Nimeombwa nisome wasifu wake kwa upole. Nitajaribu, lakini sijaahidi.

Kaka yetu Fikirini alizaliwa Mtawanya, jirani na Kibiti, tarehe 12 Machi 1961, kifungua mimba wa Mzee Mwinjuma Abdalah na Bi Mwantumu. Shule ya msingi aliisoma hapo hapo, 1969 hadi 1975. Akiwa darasa la nne aliifungua redio ya baba, akairudisha, skrubu mbili zikambaki mkononi. Baba alimchapa kwanza, kisha akakaa kusikiliza taarifa ya habari, maana redio ilikuwa inasema vizuri kuliko jana yake.

Mwaka 1978 alikwenda Dar es Salaam kujifunza ufundi wa redio. Alimwoa Bi Muzdalifa tarehe 4 Mei 1985, wakajaliwa Zuena na Sufiani. Biashara ilipoachiwa huru na mitumba ya kila namna ikaingia, alifungua kibanda Kariakoo. Mwaka 2000 alirudi Kibiti na kompyuta ya mtumba, akaingia kikundi cha taarabu cha Bwana Sadala. Kinanda chao kilikuwa na sauti ya mbuzi mwenye mafua. Fikirini alikiunganisha na kompyuta kwa waya, kompyuta ikatoa fidla, filimbi na ganuni. Ninyi wanakikundi mliokaa hapa mkaalikwa harusi kuanzia Mahege hadi Salale, ndani kabisa ya delta. Mlivimba vichwa nyie!

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo mlipomharibia jina. Waya peke yake hautoshi. Jenereta likizimika, kompyuta inasahau kinanda kimeunganishwa na nini. Lazima uandike amri upya: aconnect, namba ya kinanda, namba ya programu ya sauti. Na namba hubadilika, kwa hiyo kwanza unaiuliza kompyuta, aconnect -l, ikutajie. Aliwafundisha hayo kwa subira. Ninyi mkakariri namba za siku ile kama dua ya kulala.

Figo zilimlaza hospitali ya Utete Juni mwaka huu wa 2004. Mkaenda Salale bila yeye, mkaandika namba zenu za zamani, kinanda kikanyamaza mbele ya bibi harusi. Bwana Sadala akaja hospitali, wala si kumjulia hali.

"Fikirini, umeifunga mashine. Tufungulie!"

Kaka, hata kukaa hawezi, akamjibu: "Sijafunga kitu, bwana. Iulize namba kwanza, ndipo uunganishe."

Hamkuuliza. Mkaita mganga, akaivisha kompyuta kaniki na kuifukiza ubani. Loo! Kompyuta kufukizwa kama mwari! Kisha mkatangaza Kibiti nzima kwamba Fikirini ni mchawi. Kweli shukrani ya punda ni mateke. Zuena alikuwa ameposwa na Maneno, mtoto wa Bwana Sadala. Posa ikavunjwa: "Hatuoi kwa mchawi." Maumivu ya figo kaka aliyavumilia, lakini habari hiyo ilimliza.

Jumapili iliyopita nilikwenda chumba cha kikundi, nikaivua ile kaniki, nikaiuliza kompyuta namba, nikaandika amri mbele ya Bwana Sadala mwenyewe. Kinanda kikalia. Akasema, "Ah, basi, yameshapita." Yamempita nani? Huku nje hakusema neno, na binti wa watu bado ananyooshewa kidole kisimani.

Fikirini alifariki Utete jana, Alhamisi tarehe 9 Septemba, alfajiri. Ameacha mama yetu Bi Mwantumu, mjane Bi Muzdalifa, Zuena, Sufiani, na mimi.

Kwa desturi, hapa ndugu huwaomba watu wamsamehe marehemu. Leo siombi. Bwana Sadala, umekaa jamvi la mbele. Simama useme kwamba kaka yangu hakuwa mchawi, na useme kwa sauti, Zuena yuko ndani anasikia. Jeneza halinyanyuliwi mpaka useme.

Mola ampe Fikirini mapumziko mema. Sisi tunakungoja wewe.