Bi Taratibu Katika Kiti cha Mteja

Tarehe thelathini Juni, mwenzetu wa dawati la likizo atahitimisha utumishi wa miaka thelathini na moja katika wakala wetu wa safari. Ametuonya mapema kwamba hataki kuketishwa mbele ya watu asifiwe kwa muda mrefu. Tunamwelewa. Hajawahi kuketi popote kwa muda mrefu.

Jina la Bi Taratibu tulimpa kwa safari alizozipanga, si kwa mwendo wake. Chai yake ilipoa juu ya mashine ya kuchapia, mwenyewe yuko mlangoni akimsindikiza mteja, au dirishani, au ameshika simu huku kiatu kimoja kimemtoka. Dereva wetu hakuchoka kumtania: "Unawauzia watu utulivu, mama, wewe umebakiza nini?" Naye alimjibu akiwa keshampita kwamba ameuza wote, hata wake.

Alianza kama karani wa tiketi za ndege, na kwa miaka mingi aliziuza kuliko yeyote kati yetu. Kisha akatumwa kukagua hoteli ya ufukweni tuliyokuwa tukiwapelekea wateja. Aliikuta pampu ikivuta maji usiku na mchana kwa ajili ya bwawa la kuogelea na bustani, na nyuma ya ukuta huohuo wanawake wamekaa juu ya ndoo wakiusubiri mfereji uliokauka. Aliporudi hakutoa hotuba. Alianza tu kumuuliza kila mteja, kabla ya kufungua kompyuta: "Utakaa siku ngapi?"

Aliyejibu kwamba ni siku mbili alijitafutia kazi. Bi Taratibu angesogeza kiti na kumshawishi aziunganishe safari zake tatu za mwaka ziwe moja ndefu, apande treni au basi pale njia inapofika, alale kwa wenyeji, na taulo moja imtoshe zaidi ya asubuhi moja. Ndege, kwa moshi wake, aliiuza pale tu njia nyingine zilipokwisha. Wapo walioondoka wamekunja uso. Wengi walirudi mwaka uliofuata, wakamtafuta yeye.

Si kwamba hakukosea. Maharusi fulani aliwapangia treni, kisha basi, kisha kivuko, na bibi harusi akaimaliza nusu ya fungate akitapika. Waliporejea, bwana harusi alisimama katikati ya ofisi akataka kujua kama walipelekwa fungate au jeshini. Bi Taratibu aliwaomba radhi, akacheka mpaka akaegemea kabati, na tangu siku hiyo hakuuza njia ambayo hakuipita mwenyewe. Likizo zake ziliishia kwenye viti vya mabasi.

Hoteli kadhaa zimebadili matumizi yao ya maji kwa sababu yake, na vikundi vilivyokuwa vikisafiri kwa msururu wa magari madogo sasa hupanda basi moja. Hayo yanaonekana. Yasiyoonekana ndiyo yanayonisumbua. Mteja mmoja alikuja kumshukuru kwa treni aliyomshauri: alikuwa amebakiza akiba ya kutosha kupanda ndege kwa mapumziko mengine. Bi Taratibu alimpongeza, akaenda dirishani, akarudi, akaenda tena. Je, dawati ambalo riziki yake ni kuwatoa watu majumbani linaweza kuipunguzia dunia moshi? Nina majibu, ila sina ninaloliamini siku mbili mfululizo.

Swali hilo lilimfuata nyumbani. Binti yake wa pekee anaishi ng'ambo ya bahari, na miezi michache iliyopita alijifungua. Bibi amemwona mjukuu kwenye simu tu. Hakuna treni inayofika huko, na kila tulipomgusia safari alibadili mazungumzo. Siku moja alimwambia mhasibu, bila kusimama, kwamba watu wengi aliwazuia kwa kuona sababu zao ndogo. Nani ampimie yake? Mwishowe binti alipiga simu ya ofisi. Alituomba tumwambie mama kwamba mtoto anaijua sauti yake, ila hajui harufu yake.

Tukachanga, tukamkatia tiketi ya ndege kuwa zawadi ya kumuaga: kwenda na kurudi, wiki moja. Hakuna ofisi nyingine ambayo ingeweza kufanya kosa hilo. Tulimzawadia ileile safari aliyotumia nusu ya utumishi wake kuwashawishi watu waiache.

Aliitazama, akaiweka mezani, akatoka nje. Kupitia kioo tulimwona akienda hadi kona, akirudi, akienda tena. Tuliamini tumemuumiza. Alipoingia hakwenda kwenye kiti chake. Aliketi kwenye kiti cha mteja, mkoba mapajani, akimtazama mwenzetu atakayerithi dawati lake, akasubiri. Yule dada alichelewa kuelewa anachotakiwa kufanya. Kisha akakohoa kidogo, akamuuliza: "Utakaa siku ngapi, mama?"

Mpaka mtoto atembee, alijibu.

Tarehe ya kurudi ikasogezwa mbele sana. Sijui kama hilo limeipunguzia ndege hata tone la mafuta. Huenda ingeruka vilevile, na yeye ndani yake au bila yeye. Najua tu kwamba alikaa kwenye kiti kile mpaka tiketi mpya ikatoka, na chai aliyoletewa aliimaliza ikiwa bado ya moto.

Asante, Bi Taratibu, kwa kutuuliza kila siku swali ambalo bado hatujalimaliza. Tunakuombea safari moja iliyo ndefu, na maisha mema mwishoni mwake. Nenda salama, mama. Na ukifika, keti.