Nilipanda Meli, na Misindano ya Baba Bado Imesimama

Ngr, ngr, ngrrrr. Mlio ule bado uko masikioni mwangu. Chensoo, ule msumeno wa injini, ikiwashwa asubuhi ya baridi haiwaki mara moja. Inakohoa mara mbili, inanyamaza kidogo, halafu inaunguruma mpaka kuku wanaacha kudonoa. Ilikohoa hivyo katika shamba la marehemu baba yangu kule Kifanya, na mimi niliyewaita watu waje kukata miti nilikuwa nimesimama pembeni, nimevaa viatu vyangu vya kanisani.

Ndugu zangu, jina la Yesu lihimidiwe. Mimi naitwa Faraja. Wengi mnanijua, ni yule wa sauti ya pili kwenye kwaya ya vijana hapa Makambako, anayeanza kucheka kabla wimbo haujaisha. Shule niliishia kidato cha pili. Kazi yangu ni kutandika vitanda kwenye nyumba ya wageni karibu na njia panda. Nataka nishuhudie jinsi Bwana alivyoniokoa nisiuze kitu ambacho nisingeweza kukinunua tena, na bado akanipandisha meli. Yote mawili. Hakuninyima hata moja.

Nianze na meli, maana ndiyo iliyonisumbua.

Pale kazini kuna televisheni mapokezi. Siku moja napita na mashuka mikononi, nikaona meli nyeupe, ndefu kama mtaa, na juu yake kuna bwawa la kuogelea. Nikajiuliza, maji juu ya maji? Watu wamejinyoosha kwenye viti, wanaletewa matunda yaliyokwisha kumenywa. Ndugu zangu, mimi nalaza wasafiri kila siku. Wa Songea, wa Mbeya, wa Dar, mpaka wa Zambia. Natandika, wanalala, wanaondoka, natandika tena. Mimi mwenyewe mbali kabisa nilikokuwa nimefika ni Iringa, tena kwenye msiba. Siku ile roho yangu iliing'ang'ania ile meli kama mtoto anavyong'ang'ania sketi ya mama yake sokoni.

Nikapata kwenye simu namba ya dada mmoja wa pwani anayepanga safari za mapumziko za meli. Siku tatu, kula na kulala humo humo. Bei aliyonitumia niliisoma mara mbili, nikadhani ameongeza sifuri kwa bahati mbaya. Badala ya kunyamaza, nikaanza kutangaza. Nikasema kwenye kwaya, nikasema kazini, nikaweka na picha ya meli kwenye status. Ikafika mahali nikiingia mazoezini wenzangu wanaambiana, "Sogeeni jamani, Mama Meli anatia nanga." Nilicheka nao. Ila ndani nilijua nisipopanda, jina hilo litanifuata mpaka nizeeke.

Nikaomba. Nilifunga siku mbili. Siku ya tatu akafika mgeni pale kazini, kaka mmoja anaitwa Festo, mnunuzi wa mashamba ya miti ya paini, ile ambayo sisi tunaiita misindano. Nikimpelekea taulo akanitania, "Dada, wewe mtu wa Njombe, unakosaje hata kashamba ka miti?" Nikamwambia ninako, nusu eka, Kifanya. Akaenda kukaona, akanipa bei. Ilikuwa karibu sawa kabisa na bei ya meli. Nilisema huyu ndiye jibu la maombi. Mungu sikumuuliza mara ya pili.

Sasa niwaambie ile miti ni nini. Baba aliipanda nikiwa darasa la pili. Yeye alichimba shimo, mimi nikashika mche usimame wima, yeye akashindilia udongo kwa kisigino. Tulifanya hivyo tangu asubuhi mpaka mgongo wangu mdogo ukakataa. Alipougua mpaka akafariki, hakuacha pesa, aliacha hiyo miti. Alisema ni ya mama na mimi, na ikikomaa imjengee mama nyumba ya tofali za kuchoma, kwa sababu ile anayokaa ukuta wake wa nyuma umeegemezwa magogo usianguke. Kukomaa bado miaka kadhaa. Ukiuza sasa, unapata bei ya nguzo, hupati bei ya mbao. Hilo nalijua, kila mtoto wa Njombe analijua. Nilijitia kusahau.

Nilipomwambia mama, hakugomba. Mama yangu si mtu wa kugomba. Alisema, "Ni miti yako pia," akaendelea kuchambua maharage. Alichambua debe zima bila kuinua uso, na mimi nikachukulia kwamba amekubali.

Basi chensoo ikaunguruma. Mti wa kwanza ukaanguka. Fundi akasogea kwenye wa pili.

Kwetu Kifanya mtu akisikia chensoo anajua iko shamba la nani hata kabla hajatoka nje. Shangazi yangu Twilumba, dada yake baba, alikuwa kwenye viazi vyake ng'ambo ya bonde. Huyu shangazi ni mjane, na kijiji kizima kinamwita mkono wa birika. Anatembea kwa miguu mpaka Njombe mjini ili asitoe nauli. Kandambili zake zimeshonwa kwa waya. Kila mwaka mara moja anateremka ziwani Nyasa na magunia ya viazi, anarudi na dagaa, na dagaa wenyewe anagawa kwa kijiko. Mimi nilikuwa wa kwanza kumcheka. Bwana anisamehe.

Alikuja na jembe begani na udongo magotini. Hakupiga kelele. Akamsalimia Festo, "Kamwene," akamsalimia na fundi, kisha akanigeukia.

"Faraja, ukumbatie huu mti."

"Shangazi, watu wako kazini."

"Ukumbatie. Haung'ati."

Nikaukumbatia, watu wazima wananitazama, shavu langu limegusa gome.

"Shika viwiko vyako."

Nikashika. Mkono wa kulia ukakamata kiwiko cha kushoto, wa kushoto ukakamata cha kulia, na nafasi ikabaki.

"Kaka yangu alikuwa anasema, msindano ukiukumbatia na bado unashika viwiko vyako, huo ni mtoto," akasema shangazi. "Wewe umekuja kuuza watoto?"

Festo akacheka. "Mama, sisi tunapima kwa futi kamba. Hatupimi kwa kukumbatiana."

"Basi kapime watu wazima, mwanangu. Hawa bado wananyonya."

Yule fundi alicheka mpaka akazima chensoo. Festo, ambaye hakuwa mtu mbaya, akasema, "Dada, neno ni lako. Mimi sijalipa, wewe hujapokea." Wote wakaningoja. Nilikuwa bado nimeukumbatia ule mti, utomvu umenata shavuni, na nikakumbuka kisigino cha baba. Nikasema, "Tuache." Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka. Naamini kabisa si mimi niliyeitoa.

Festo aliondoka bila kunidai hata mafuta ya chensoo. Mungu ambariki popote alipo. Ule mti mmoja mama aliupasua kuni, na kuni mbichi za msindano zina moshi, kwa hiyo wiki ile nililia jikoni nusu moshi, nusu aibu.

Lakini meli je? Nilimfuata shangazi shambani kwake nikamweleza yote, televisheni, Mama Meli, kufunga, kila kitu. Akaacha kulima.

"Kilio chote hiki ni cha meli?"

"Ndiyo, shangazi."

"Mbona mimi napanda kila mwaka."

Nilidhani ananitania. Kumbe viazi vyake havikuwa vikiishia ufukweni. Alikuwa akipanda navyo ile meli inayozunguka vijiji vya ziwani, anakwenda nayo mpaka Mbamba Bay, anarudi nayo. Miaka yote tuliyomcheka, alikuwa msafiri kutuzidi sote.

Akaniambia nimwandikie vitu vyote nilivyopanga kununua kwa ajili ya safari. Nikaandika: begi la matairi, miwani ya jua, gauni mbili, viatu vyeupe, nywele, kofia. Nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Hii ni safari ya nguo. Wewe mwenyewe utaenda lini?"

Hapo ndipo shule yangu ilipoanza, ndugu zangu, na mwalimu alikuwa mkono wa birika. Alinipa matuta manne katika shamba lake. Kila Jumamosi nilitoka Makambako kwenda kupalilia. Alinifundisha kwamba viazi havioti kule ziwani kwa sababu ya joto, kwa hiyo gunia lililo rahisi kwetu kule linabeba nauli ya mtu. Alinifundisha kungoja mvua ziishe, barabara ya Ludewa ikauke, ndipo malori ya mizigo yanashuka na bei ya kubebwa inashuka nayo. Alinituma kwa mchungaji kuomba barua ya utambulisho, ili tukifika tupokelewe na waumini tusilipe nyumba ya wageni. Mimi, mtandika vitanda, sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kusafiri bila kulipia kitanda! Mshahara wangu niliokuwa nautawanya kwenye soda na vocha za simu, nikawa naupeleka kwake anitunzie. Nikiomba hata kidogo ananiuliza, "Cha nini?" Nikieleza, nasikia mwenyewe kwamba si cha lazima, narudi mikono mitupu tukicheka wote wawili.

Mwezi wa sita tukashuka. Mimi nilivaa masweta mawili na koti, maana safari kwetu ni baridi. Tulipofika Ludewa, ambako bado ni baridi, nikajisifu. Tulipoteremka milima mpaka ziwani, joto likanipokea kama tanuri la mkate, na watoto wa kule wakanizunguka wakitazama mtu anayevua nguo moja baada ya nyingine bila kwisha. Shangazi hakunionya makusudi. Alisema alitaka kuona.

Meli ilipokuja, haikuwa nyeupe kama ile ya televisheni, na bwawa haikuwa nalo. Ilikuwa na kuku kwenye matenga, mama mmoja na cherehani yake, wanafunzi, magunia. Lakini ilipopiga honi kifua changu kiliitikia, na machozi yakatoka kabla sijapanda. Shangazi yeye, ndugu zangu, alipofika kwenye ngazi alifumba macho. Akanishika mkono kwa nguvu mpaka ukafa ganzi. Mama yule asiyeogopa chensoo anaogopa maji. Hajui kuogelea, kila mwaka anapanda amefumba macho.

Tulikata tiketi za daraja la tatu. Alijua upande gani unapata kivuli mchana. Tulitandika blanketi, tukala viazi vyetu vya kuchemsha na chumvi, na mabaharia wakipita wanamsalimia, "Mama Viazi, mwaka huu umeleta mwenzio?" Milima inaingia ndani ya maji moja kwa moja, maji yanakuwa kijani, kisha bluu, kisha rangi ambayo mimi sina jina lake. Hakuna aliyeniletea tunda lililomenywa. Sikulikumbuka hata kidogo.

Nikamuuliza, "Shangazi, kama unaogopa hivi, faida ya viazi inakutosha kweli?"

Akatazama huku na huku kama mtu mwenye siri. "Faida ni ndogo. Viazi ni kisingizio. Mjane akisema anakwenda kutazama ziwa, watamwita mwendawazimu. Akisema anakwenda kuuza viazi, wanamwambia safari njema." Kisha akacheka, meno yake yote machache nje. "Mimi naipenda tu, mwanangu."

Ndugu zangu, nilimtazama shangazi yangu kama namwona mara ya kwanza. Nilikuwa nadhani ndoto kubwa ni za watu wa televisheni, na sisi tukitaka kitu kizuri lazima tuuze kitu kilicho kama sehemu ya miili yetu. Kumbe Mungu alikuwa ameweka mwotaji ng'ambo ya bonde, amevaa kandambili za waya, anaweka akiba ili mara moja kwa mwaka akae juu ya maji anayoyaogopa na kuyasifu. Mtu huyo ndiye aliyekuwa jibu la maombi yangu. Nilikuwa nimelicheka miaka kumi.

Namshukuru Bwana. Namshukuru mama ambaye hakunilaani. Namshukuru shangazi, na nawaombeni tuache kumwita lile jina. Mimi endeleeni kuniita Mama Meli, sasa nimelipata kihalali. Na kama yupo mtu hapa ambaye mnunuzi amekwisha kufika mlangoni kwake, na bei inafanana sana na haja yake, namsihi amuulize Mungu mara ya pili. Atajibu. Anaweza kujibu kwa mdomo wa mtu unayemdharau, lakini atajibu. Mtumainini, ndugu zangu. Mimi nimemwona.

Neno la mwisho. Huu ni msimu wa mioto, na tangu baba afariki hakuna aliyelima njia ya moto, ule ukanda wa udongo mtupu wa kuzuia moto usiingie, kuzunguka lile shamba. Tulikuwa tunamwachia Mungu. Ijumaa iliyopita niliomba ruhusa kazini, nikaenda Kifanya, sikumwambia mama wala shangazi. Nikaanzia kona ya juu na jembe, nikafyeka nyasi kavu, nikageuza udongo upana wa hatua tatu, nikazunguka nusu eka yote mpaka nikarudi pale nilipoanzia. Kisha nikakaa chini, nikatoa miba viganjani.