Briketi Aandikwe Nani?

Benchi la Mama Honorine, pale Nyamianda, lina miguu mitatu ya mbao na wa nne wa matofali, na mtu akiinuka bila kutoa taarifa, wenzake humwagikiwa kahawa. Ndiyo maana wenye benchi hilo hukaa muda mrefu: kuondoka kunahitaji makubaliano. Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imetoka kunyesha, na mawingu yalikuwa yamelala juu ya ziwa hata milima ya Burundi haionekani. Upande mmoja alikaa Bruno, aitwaye Bruseli kwa sababu anajua habari zote za Ulaya, ingawa safari yake ndefu kuliko zote iliishia Bujumbura. Upande wa pili alikaa Pitchou, aitwaye Deklara, kwa kuwa aliwahi kuandika hati za mizigo kwenye mpaka wa Kavimvira, na tangu hapo haoni kitu duniani ila mzigo. Katikati yao alikuwa Ildephonse, aitwaye Briketi, yaani kiberiti cha gesi, mzee wa miaka hamsini na sita asiyekikosa mfukoni. Huyo ndiye aliyekuwa na shida.

Mbele yao alisimama Claire, kiongozi wa kikundi chao cha ngoma, kalamu mkononi, fomu ya viza ikiwa juu ya ngoma kubwa aliyoigeuza meza. Kikundi kilikuwa kimealikwa kwenye festivali huko Ulaya, watu saba. Fomu sita zilikwisha kujazwa. Ya saba, ya Briketi, ilikuwa na jina, picha ya mtu aliyekatazwa kucheka, na kisanduku kimoja kitupu. Gari la kubeba bahasha ya fomu hizo lilikuwa linaondoka saa sita. Fomu itakayobaki, na mwenyewe atabaki.

— Sikilizeni tena, akasema Claire. Banauliza: huyu muntu iko na kazi gani mu spectacle, na juu ya nini muntu wa kule hawezi kuifanya. Mistari mbili tu.

— Andika ile niko nafanya, akasema Briketi. Minye napashaka ngoma moto.

Kwa asiyejua, kazi yenyewe ni hii. Hewa ya ziwa hulegeza ngozi, na ngoma iliyolegea hulia kama ndoo. Basi kabla ya kila onyesho Briketi huwasha majani makavu ya migomba nyuma ya jukwaa, akaigeuzageuza ngoma juu ya moto huku akiigonga kwa dole gumba, mpaka ngozi ikaze. Moto ukipungua, ni ndoo. Ukizidi, ngozi inapasuka. Ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na mitatu, na hakuna jukwaa hata moja lililowahi kutaja jina lake. Watu wengi hudhani ni yule anayechoma takataka.

— Moto! akasema Bruno, akashika kichwa. Weye unataka kutufungia njia sisi wote? Muntu anaomba kuingia mu inchi ya bantu, na anaandika kama anakuya na moto!

— Lakini ndiyo kweli.

— Kweli haipataka viza, muzee. Ngoja tufanye repetisyo. Minye ni konsuli.

Bruno akakaa wima, akashika kikombe kama mhuri.

— Kazi yako?

— Kupasha moto.

— Kupasha nini moto?

— Ngozi.

— Ngozi ya nani?

— Ya ngombe.

— Na ngombe mwenyewe iko wapi?

— Alikufa.

— Munaona? Bruno akawageukia wenzake kwa uchungu wa kweli. Hata dakika haiyaisha, tuko na moto na tuko na maiti! Claire, andika "enjenieri wa joto." Bazungu banaheshimu joto, kwao haiko.

— Batauliza diplome, akasema Pitchou.

— Minye nilifika mwaka wa tano, akasema Briketi.

— Wa univesite?

— Wa primeri.

Mama Honorine, aliyekuwa akimimina kahawa ya tangawizi kutoka kwenye chupa yake nyekundu, hakuvumilia.

— Muko nasumbukia bure. Bapasta ndio banapita. Andika kama iko pasta wa kikundi.

— Mama, minye ni Mukatoliki.

— Basi padri.

— Niko na batoto saba.

— Utasema ni korali.

Walicheka mpaka benchi likayumba, na Briketi naye akacheka, kwa kuwa kutocheka kungeonekana vibaya. Ndani roho ilimuuma. Nyumbani kwake Rugenge, koti zito alilorithi kwa marehemu kaka yake lilikuwa limening'inia kwenye msumari tangu wiki jana. Mkewe Alliance alikuwa amemlazimisha kulivaa saa saba mchana, akamzungusha mbele ya majirani, jasho likimtiririka mpaka viatuni. Sasa mtu aliyekwisha kujaribiwa koti mbele ya majirani atarudi na kuwaambia nini?

— Minye niko na njia, akasema Pitchou polepole. Claire, ngoma inaombaka viza?

— Hapana. Inapita na karatasi ya muzigo.

— Bon. Tumudeklare Briketi pamoja na ngoma. "Ngoma ine, na kifaa chake kimoja." Kifaa hakiombaka viza.

— Kilo ngapi? akauliza Mama Honorine.

— Makumi sita na tatu, Briketi akajibu, kabla hajajiuliza kwa nini anajibu.

— Na tutabandika juu yake "kinavunjika," ili basimutupe.

— Na atakula nini mu ndege, mu ile nafasi ya mizigo?

— Kifaa hakikulaka! Pitchou alikuwa amekasirika sasa, jinsi fundi anavyokasirika akiulizwa maswali ya kijinga. Minye nimepitishaka pale Kavimvira mashine ya kusaga, muzima, na mwenye mashine ndani yake analala!

Claire aliangalia simu yake. Saa tano na dakika kumi.

— Papa Ilde, akasema kwa sauti ya chini, na alipoacha jina la utani Briketi alijua kuwa mzaha umekwisha. Kama kisanduku kinabaki mutupu, nafasi ya saba nitamupa Jolie, muchezaji wetu, acheze. Sitapenda. Lakini siwezi kuacha nafasi ikufe.

Briketi akaitikia kwa kichwa.

Hapo ndipo alipotokea mgeni. Eliane, msusi kutoka Songo, alikuwa amefungua saluni hatua nne kutoka kwenye benchi, Jumanne ya wiki hiyo hiyo, na alikuwa bado hajui kuwa mtu hanunui kahawa pale akaondoka. Alikuja na kikombe chake mwenyewe, na shingoni amejiviringisha waya wa seshwari, ile mashine ya kukaushia nywele kwa hewa ya moto.

— Jambo yenu. Mama, unitilie kidogo. Munisamehe, nimesikia. Lakini moto ni lazima? Hii yangu haiwezi?

Bruno akaruka, Pitchou akamwagikiwa, na wala hakulalamika.

— Seshwari! Moto bila moto! Na kule Ulaya iko kila pahali, hata mu choo banakaushaka nayo mikono!

— Haina moshi, akasema Mama Honorine.

— Na haina maiti, akasema Pitchou.

Claire peke yake hakushangilia. Alikuwa ameishika kalamu bila kuandika, na Briketi akayasoma mawazo yake yote usoni kama bango. Seshwari haijazi fomu. Seshwari haina watoto saba. Kazi yake ilikuwa imepata viza, yeye hapana.

— Tujaribu kwanza, akasema Claire.

Umeme, ambao wiki nzima haukuonekana, siku hiyo ukaamua kuwapo. Waya ukavutwa kutoka saluni, fomu ikaondolewa juu ya ngoma, Eliane akawasha. Briketi akainuka. Alitaka kwenda nyumbani, lakini miguu ilimfikisha ukingoni mwa barabara tu. Akasimama pale, amewapa mgongo, akilitazama ziwa asilolihitaji.

Nyuma yake Claire alianza kuigonga ngoma huku Eliane akipuliza. Mwanzo ililia kama ndoo. Kisha sauti ikaanza kupanda, ikakaza, ikapata kifua.

— Iko natoka! akapiga kelele Bruno. Iko natoka!

— Nazima wakati gani? akauliza Eliane.

Lilikuwa swali dogo, la mtu wa kazi.

— Dakika tano, akasema Bruno.

— Tangu wakati gani?

— Ikianza kunuka, akasema Pitchou.

— Ikinuka imekwisha kuungua, akasema Mama Honorine. Weka mukono. Ikikuchoma, zima.

— Mukono wa nani? Minye niko msusi, mukono wangu hauchomekake. Présidente, nazima?

— Sijui, akasema Claire, na aibu ikamshika. Minye napigaka tu. Tangu nianze, naipataka imekwisha kupashwa.

Briketi alijua. Kila pigo la Claire lilimwambia mahali ngozi ilipofika, na ngozi ilikuwa imefika mbali. Alikumbuka harusi moja ya Kavimvira, siku alipolala na homa, Lionel, mmoja wa wapigaji, akapasha kwa niaba yake, na ngoma ikapasuka mbele ya wakwe. Mapigo manne zaidi, labda matano, na hii nayo ingepasuka. Ingepasuka mbele ya wote, na hakuna ambaye angemtajia seshwari tena mpaka kufa kwake. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza. Akakibana kiberiti mfukoni. Pigo moja. Pigo la pili. Ngozi hiyo aliivuta yeye mwenyewe juu ya mbao hizo, ikiwa bado mbichi na inanuka.

— Zima!

Alipiga kelele hata mwendesha pikipiki aliyekuwa akipita akazima yake. Eliane akauchomoa waya. Claire akashusha mikono yote miwili juu ya ngoma, na sauti iliyotoka ikavuka barabara, ikawafanya watu watoke kwenye maduka kuuliza ni sherehe ya nani.

— Umejua namna gani? akauliza Claire. Ulitupatia mugongo!

— Sijui kukuelezea. Nasikiaka tu. Kabla haiyatosha inalia ya kulalamika. Ikitosha inaacha kulalamika. Ukiongeza pale, unaiua.

Claire hakusubiri aseme zaidi. Aliirudisha fomu juu ya ngoma, akaandika mistari miwili bila kuinua kichwa, kisha akasoma.

— "Anasikiliza ngozi ya ngoma na kutuambia wakati wa kuacha kuipasha. Leo asubuhi tumejaribu bila yeye. Tukisafiri hivyo, tutafika na ngoma na kurudi na kuni."

— Na titre? akadai Bruno. Weka basi hata "direkta"!

— Kisanduku kimejaa.

Briketi alirudi akakaa mahali pake, katikati, taratibu, ili asimwage kahawa ya mtu.

— Soma tena, akasema.

Akasoma tena.

— Sasa soma na jina.

Claire akamtazama, akaelewa. Akainua fomu kwa mikono miwili, akalitangaza jina kwa sauti ile ile anayotumia jukwaani akiwataja wapigaji, jina la ubatizo, la baba na la babu, na watu waliokuwa wametoka madukani wakapiga makofi bila kujua wanampigia nani. Briketi alijifuta uso kwa kiganja. Alisema ni moshi, na hapakuwa na moshi.

— Kumbe nyuma ya fomu kuko kisanduku ingine kadogo, akasema Claire. "Vifaa anavyosafiri navyo."

— Hiyo ni yangu, akasema Pitchou. Andika: "Seshwari, moja."

Claire akaandika, akafunga bahasha, akaanza kukimbia kuelekea kwenye gari.

— Seshwari ya nani? akauliza Eliane.

Bruno alitazama mawingu. Pitchou alikagua matofali ya mguu wa nne. Mama Honorine aliitikisa chupa nyekundu sikioni, akatangaza kuwa kahawa imekwisha. Na kwa mara ya kwanza tangu benchi lile liwekwe pale, watu wote watatu wa benchi, Briketi akiwamo, waliinuka kwa wakati mmoja, na hakuna aliyemwagikiwa.