Meli Nyuma ya Mcheza Tenisi

Benchi la mbele ya studio ya Florian ni ubao wa mtumbwi mbovu uliolazwa juu ya mawe mawili, kwenye uchochoro wa nyuma ya soko la Musoma. Liliwekwa hapo kwa ajili ya wateja, lakini hakuna mteja aliyewahi kulikalia, maana kila asubuhi anakuta limeshakaliwa na wale wale watatu. Kuna Masatu, mvuvi aliyewahi kufanya kazi melini, wanamwita Nahodha ingawa huko kazi yake ilikuwa kutia makaa. Kuna Mzee Ryoba, ambaye zamani za Waingereza alikuwa akiokota mipira kwenye klabu yao, wanamwita Mzee Boli. Na kuna Ngolo, fundi baiskeli, wanamwita Redio kwa sababu hazimiki. Siku nyingine kahawa wanajinunulia. Siku hiyo walikuwa wamekuja kutoa pole, na aliyekuja kutoa pole haachwi mdomo mkavu, kwa hiyo Ursula mke wa Florian alikuwa akiwamiminia tangu saa mbili asubuhi, mtoto mgongoni, na mlango wa studio nyuma yake umefungwa kwa kufuli la serikali.

Mumewe alikuwa mahabusu siku ya pili. Saa nane mchana gari la polisi lingeondoka kwenda Mwanza, naye ndani yake.

Na kosa lenyewe, ukilisimulia, unaweza kudhani unatania. Wazungu wawili, watu ambao kazi yao ni kucheza tenisi na wanalipwa kwa kucheza, walipita Musoma wakienda kuona wanyama Serengeti, wakaombwa wacheze kidogo kwenye kiwanja cha ile klabu ya zamani, watu waone. Neti ya kiwanja ilikuwa imeoza siku nyingi. Masatu akaazima wavu wake wa kuvulia ngege, ukafungwa pale kati, mji mzima ukacheka, mchezo ukaenda. Jioni yule mrefu, Bwana Holme, akataka picha za kupeleka kwao, yeye na raketi yake, nyuma yake uonekane uzuri wa nchi. Florian akampiga kumi kwenye majabali ya ufukweni. Kwenye filamu zikabaki mbili. Na Florian filamu hasafishi mpaka iishe, hata ingoje mwezi mzima, ndivyo alivyofundishwa, kutupa picha mbili ni kama kutupa ugali, na Mzungu alizitaka picha zake kesho yake asubuhi. Ndipo Masatu aliposema majabali hata Butiama yapo, hata Bunda yamejaa, watu wa kwao watajuaje kwamba hii ni Musoma, huyu bwana akasimame gatini, meli iwe nyuma yake. Ryoba akasema Nahodha kasema kweli, akabeba raketi. Ngolo akatangulia kusukuma watu wapishe njia. Ursula mwenyewe alikuwepo, ndiye aliyeshika shuka jeupe la kurudisha mwanga usoni kwa Mzungu.

Gatini hapapigwi picha. Kibao kipo, ila kimepauka mpaka maandishi yamebaki kama makwaruzo ya kuku. Asubuhi yake Wazungu wakaenda zao kwenye wanyama, na mgambo wakaja kwa Florian wakachukua kamera, wakachukua filamu, wakamchukua na mwenyewe.

Ursula alipomfuata mkuu wa kituo cha polisi, hakupigiwa kelele, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia mke si shahidi, mke na mume ni mwili mmoja, si ndivyo mlivyoapa kanisani. Alete mtu mzima aliyekuwepo, aje kusema mumewe alipelekwa pale na nani. Mmoja tu, na afike kabla ya saa nane. Akikosekana, jambo linakwenda Mwanza, na huko yeye mkuu hana mkono.

Ursula aliwaeleza wale watatu yote hayo hata kabla hawajakaa vizuri, kwa pumzi moja, kama mtu anayekimbia, na alipomaliza alidhani watasimama wote kwa pamoja.

— Pole sana, mama Mhoja, alisema Ryoba. Lete kikombe.

Ngolo ndiye aliyeanza. Alisema redioni wametangaza juzi kwamba maadui wa nchi hawaji tena na bunduki, wanakuja na urafiki, na yeye tangu aione ile raketi moyo ulimcheza. Nyuzi zote zile za nini? Kupigia mpira ungetosha ubao. Ile ni eriali. Unaiinua hivi, unanasa maneno ya askari wetu mpaka kule mpakani.

— Wewe uliiona lini, Redio? aliuliza Ryoba.

— Nimesikia wanasema.

Ursula alimwangalia. Mtu huyu juzi alikuwa akipiga watu viwiko ili Mzungu apite, leo amesikia wanasema.

Ryoba akasema eriali ni jambo dogo, wao hawajui, tatizo la tenisi liko kwenye hesabu yake. Yeye alikaa pale klabu miaka sita akiokota mipira, na hesabu ile hakuielewa mpaka leo.

— Mtu akipata moja, wanasema kumi na tano. Akipata mbili, thelathini. Haya, ya tatu?

— Arobaini na tano, alisema Masatu.

— Arobaini. Sasa ile tano imekwenda wapi?

Wakahesabu kwa vidole wakiitafuta. Ryoba akatikisa kichwa polepole, akasema nyie mnacheka, lakini Waingereza hawapotezagi hata sindano, watapotezaje tano kila siku, miaka yote? Ile ni namba ya siri. Tano inatumwa mahali. Wahenga hawakukosea waliposema haba na haba hujaza kibaba.

— Baba, alisema Ursula, ni saa nne sasa.

Ryoba akamjibu kwa upole kabisa kwamba haraka haraka haina baraka, na penye wazee haliharibiki neno. Akasogeza kikombe kijazwe.

Akajaza. Kahawa ikamwagika kidogo kwenye ubao, Mhoja akaanza kulia mgongoni naye akawa anamrusharusha, huku akihesabu moyoni, kutoka hapa mpaka kituoni ni mwendo wa robo saa, wakitoka saa sita bado watawahi, hata saba bado, na kumbe alikuwa ameshaanza kuwagawia saa ambazo hana.

Wao walikuwa wamehamia kwenye malipo. Ngolo akauliza inakuwaje mtu mzima mwenye ndevu analipwa kwa kucheza, wakati sisi tunalima pamba mpaka mgongo unapinda na bei tunapangiwa. Huo ni unyonyaji, hata kwenye mkutano wa TANU tuliambiwa, anayekula bila kufanya kazi ni kupe.

— Yule hafanyi kazi? Alitoka jasho, mimi nilimwona, alisema Ryoba.

— Kupe na yeye anatokaga jasho.

— Sasa anamnyonya nani pale?

Ngolo akafikiri.

— Mpira, alisema. Unapigwa wewe, analipwa yeye.

Siku nyingine Ursula angecheka. Siku nyingine Florian angetoa kichwa dirishani, mikono inanuka dawa za kusafishia picha, akawaambia nendeni mkalime. Alimtazama Masatu. Masatu hakuwa amesema neno la maana tangu afike, alikuwa akizungusha kikombe, na Ursula akaanza kutumaini kwamba labda huyu anajikusanya, labda anatafuta pa kuanzia. Ni mtu wa Mugango, nyumba yao na nyumba ya baba yake Ursula zinatazamana. Alikula harusi ya Ursula na Florian.

Masatu akakohoa.

— Nyie hamkuona lile jambo la mpira kutupwa juu, alisema. Yule mrefu kila akitaka kuanza, anautupa kwanza juu. Anauangalia. Wa nini kuuangalia, si mpira wake? Anapima upepo. Mimi nimefanya kazi melini, najua. Ukishajua upepo wa Musoma unajua ndege ya vita ikate kona wapi.

Wakasema aaa. Ikawa sasa wote wanampa Masatu nafasi, na Masatu akanoga. Akasema Mzungu alikuja na mpango wake kamili, majabali aliyatumia kuwapumbaza watu tu, shabaha yake tangu kwao ilikuwa meli. Na mtu wa namna hiyo haji mahali kama hana mwenyeji. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Mwenyeji gani? aliuliza Ursula.

Ngolo akasema, akiangalia pembeni, kwamba yeye hamsemi mtu, lakini amekuwaga akijiuliza ni kwa nini Florian dirisha la kile chumba chake analiziba kwa blanketi. Wahenga walisema mficha uchi hazai.

— Anaziba kwa sababu mwanga unaua picha, Ursula alimwambia Ngolo. Kila mpiga picha anaziba. Picha za harusi yako zilisafishwa humo humo, baba Wankyo, chini ya blanketi hilo hilo, na mimi ndiye niliyekuwa nazianika.

— Mimi nauliza tu, mwanangu.

Basi hapo ndipo woga wa Ursula wa siku mbili ulipoanza kugeuka kitu kingine. Walikuwa wanakunywa kahawa ya Florian. Sukari aliipangia foleni Florian, tangu alfajiri, kwenye duka la ushirika. Na sasa kikombe kwa kikombe walikuwa wanamtoa Florian Musoma na kumpeleka Mwanza wenyewe, bila hata gari la polisi. Alitaka kusema. Alisoma mpaka kidato cha pili, maneno anayo. Lakini utamwambiaje mtu wa rika la baba yako kwamba ni mwongo, mbele ya wenzake, naye amekuja kukupa pole?

Wakati huo akatokea mtu wa makamo, amevaa koti zito juani, ameshika fimbo ya kuchungia. Akasema anaitwa Keraryo, ametoka Butiama, amefuata picha yake. Florian alikwenda kumpiga yeye na fahali wake kule kwenye miamba, akamwambia aje Alhamisi. Akaona kufuli. Akauliza kulikoni.

Walimweleza wote watatu kwa zamu. Eriali, ile tano, kupe, upepo, blanketi. Keraryo aliwasikiliza kwa adabu, kidevu juu ya fimbo, akapewa kikombe lakini hakunywa. Walipokwisha akayapanga maneno yao kama mtu anayepanga ng'ombe wake zizini.

— Haya, alisema. Na mkuu wa kituo anataka kujua nini?

— Nani alimwambia asimame gatini, alisema Ursula.

Keraryo akawageukia wale watatu.

— Nani alimwambia?

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama anavyouliza mtu njia. Ryoba akainama akaanza kuchunguza ukucha wa dole gumba. Ngolo, Redio, akazimika. Masatu alikunywa kikombe ambacho Ursula aliona wazi kwamba hakina kitu, akakinywa tena. Keraryo akangoja. Kwao Butiama, inaelekea, mtu akiuliza anangoja jibu.

Ursula akaliinua birika, likatoa matone mawili na machicha. Akaliweka chini. Akaikaza mbeleko.

— Baba, alimwambia Keraryo, wewe hukuwepo, huwezi kuwa shahidi. Lakini nisindikize kituoni, ukaulize pale hivyo hivyo ulivyouliza hapa. Wakikuuliza waliokuwepo, majina yao nitayataja mimi, na la kwanza ni la Masatu.

Alilitaja hivyo, jina tupu, bila baba mbele yake, na ardhi haikupasuka.

Wakashika njia. Ilikuwa imekaribia saa sita. Hawajafika mbali akasikia nyuma yao hatua za mtu mzito, akajua ni nani, asigeuke. Kutoka hapo sokoni njia ya kituoni na njia ya kwa Masatu ni moja mpaka pale posta. Ndipo zinapoachana. Ursula alitembea akisikiliza. Walipofika posta hatua zikakoma.

— Mama, hebu niangalie nyuma, alisema Keraryo. Akaangalia. Akasema yule mtu ameinama, anafunga viatu.

Ursula alivijua viatu vya Masatu. Ni katambuga za tairi, hazina kamba.

— Twende, baba, alisema.